Saba ya Mwisho

Mhadhiri alihesabu vigae mara ya kwanza akadhani macho yamemdanganya. Akahesabu tena kwa kidole, kutoka mlangoni hadi kwenye kona, bila kuruka hata kimoja. Vilikuwa ishirini na vitatu. Vilipaswa kuwa ishirini na vinne.

Ukuta wenyewe ulikuwa mzuri, na uzuri huo ulimuudhi zaidi. Vigae vilikuwa vyeupe, kila kimoja na tarakimu moja ya buluu katikati, na vilinyooka kama uzi uliovutwa. Tatu ya kwanza ilikaa karibu na mlango mkubwa wa jengo jipya la chuo, mahali ambapo kila anayeingia angeiona. Ikafuata tano, kisha saba, sita, nane, sita, na kuendelea hadi kona ya ndani. Hapo namba ilikomea kwenye tatu nyingine. Baada ya tatu hiyo palibaki ukanda mtupu, mpana kidogo kuliko nusu ya kigae.

"Saba iko wapi?" aliuliza.

Fundi alikuwa amechuchumaa, akifuta mianya kwa sponji. Alikuwa mdogo wa mume wake, na kazi hii aliipata kwa sababu Mhadhiri mwenyewe alimtaja mbele ya kamati ya ujenzi.

"Saba ipi, shemeji? Mbona ziko mbili hapo?"

"Ya mwisho."

"Aa, hiyo. Hiyo haikuenea. Nimekuwekea kwenye boksi. Itakufaa sana mezani, kuwekea sufuria ya moto."

Mhadhiri alivuta pumzi. "Haikuenea vipi? Tulipima pamoja. Ulisema vinaenea vyote na nafasi inabaki."

"Tulipima kabla seremala hajaleta fremu yake." Fundi alisimama, akavuta futi kamba, akaibana kwenye fremu ya mlango. "Kwenye ramani ilikuwa nyembamba. Yeye kaleta hili dude. Angalia lilivyojitokeza. Ukuta umeliwa, na aliyeula si mimi."

"Na kwa nini hukuniita?"

"Nilikupigia. Ulikuwa unasimamia mtihani, simu imezimwa. Gundi nayo haingoji mtu. Ukishaipaka, umeipaka."

"Kwa hiyo ukaamua kukata mkia."

"Sijakata kitu mimi. Fundi mwenye akili huanzia mlangoni, kwenye macho ya watu, kwa vigae vizima. Kinachopungua hupelekwa konani, ambako hakuna anayetazama. Muulize fundi yeyote wa kweli. Na kigae chenye mchoro hakikatwi, shemeji. Nusu saba ukutani? Watu watasema huyu hakupima."

Kila alichosema kilikuwa kweli, na hapo ndipo hasira ya Mhadhiri ilipokosa pa kushika. Kijana hakuzembea. Alifuata kanuni njema ya ufundi wake, mwanzo hadi mwisho, na kanuni hiyo ikamfikisha pabaya.

"Sikiliza," alisema. "Namba hii kichwa chake unaweza kukikata. Uhai wake uko mkiani."

"Mjusi akikatwa mkia huota mwingine."

"Hii si mjusi."

Fundi alicheka. Mhadhiri hakucheka. Alichukua chaki mfukoni, akachuchumaa, akaanza kuandika kwenye saruji ya sakafu. Alijumlisha tarakimu zote ishirini na tatu zilizokuwa ukutani, moja baada ya nyingine, akimlazimisha shemeji yake atamke kila jumla. Walifika mia moja na tano.

"Mia moja na tano inagawanyika kwa tatu?"

"Inagawanyika."

"Basi na namba nzima inagawanyika kwa tatu. Ndiyo kanuni. Namba tasa haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Hii uliyoiacha hapa inagawanyika kwa tatu, na mtoto wa shule ya msingi ataligundua hilo kabla hajafika kwenye ngazi."

"Na mtoto wa shule ya msingi anakuja kufanya nini chuo kikuu?" Fundi alirudi kwenye sponji yake. "Shemeji, nakuheshimu. Lakini namba yenyewe inaitwa tasa, na wewe unaililia kama mwanao."

Namba ilikuwa hii: 357686312646216567629137. Mhadhiri aliijua kwa moyo tangu mwaka wake wa kwanza chuoni. Mwalimu wake wa wakati huo aliiandika ubaoni kila mwaka, siku ya kwanza ya muhula, bila salamu. Wanafunzi walimwita Bwana Baki, kwa sababu swali lake halikubadilika: unagawanya, sawa, baki ni ngapi? Akishaiandika namba, aliifunika tarakimu ya kwanza ya kushoto kwa kiganja. Iliyobaki ilikuwa tasa. Alisogeza kiganja akafunika mbili. Bado tasa. Akafunika tatu, nne, tano. Bado. Aliendelea hivyo hadi ubaoni pakabaki mia moja thelathini na saba, kisha thelathini na saba, kisha saba peke yake. Ilikuwa kama kitunguu ambacho kila ukimenya unakuta kitunguu kizima.

Tena ilikuwa kubwa kuliko zote za aina yake. Ukiweka mbele yake tarakimu yoyote, kuanzia moja hadi tisa, utasa unavunjika. Hakuna namba ndefu zaidi yenye tabia hiyo, wala haitapatikana. Orodha ilifika hapo ikaisha. Bwana Baki hakuigundua yeye. Waliigundua watu wengine, kwa mashine. Lakini aliipenda kama mtu anavyompenda jirani mwaminifu, na chuo kilipomwomba achague zawadi ya kumkumbuka, alikataa sanamu, akakataa picha, akasema, "Wekeni ile namba mlangoni. Nitakuja kuifungua mwenyewe."

Sasa alikuwa anakuja keshokutwa. Baada ya hapo angehamia mbali, kwa binti yake, na kwa umri wake hakuna aliyetarajia kumwona tena. Mhadhiri, aliyerithi kiti chake na masomo yake, alikuwa amemwambia kwa simu kwamba kila kitu kiko sawa. Alijua vizuri mzee huyo angefanya nini. Angesimama mbele ya ukuta na kuanza kufunika kutoka kushoto. Mwishoni wangebaki na mia tisa kumi na tatu, ambayo ni kumi na moja mara themanini na tatu, mbele ya wageni wote. Na Bwana Baki alikuwa na msemo wake kwa wanafunzi waliomletea majibu ya kukisia: "Karibu sawa ni kosa lenye adabu."

Injinia aliyesimamia ujenzi alifika kabla ya saa sita, kofia yake ikiwa safi kama ya dukani, fomu ya makabidhiano kwapani.

"Daktari, hongera. Ukuta umependeza."

"Umepungukiwa na tarakimu moja."

Injinia aliutazama ukuta kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa nyota asiyoiona. "Kati ya ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Basi tunayo karibu asilimia tisini na sita ya namba. Kwenye ujenzi hiyo ni zaidi ya nzuri."

"Hii haina asilimia. Ama ni tasa ama si tasa."

"Tubandue zote tusogeze?"

Mhadhiri alikuwa amekwisha kulipima hilo. Nafasi zilikuwa ishirini na tatu. Kama wangeanza na tano badala ya tatu, namba ingebaki tasa na mchezo wa Bwana Baki ungeenda vizuri. Lakini katika namba ile hakuna tarakimu mbili zinazofanana zilizokaa jirani. Kusogeza hatua moja kulimaanisha kila kigae, bila kubakiza, kiondoke mahali pake. Gundi ilikuwa imekwisha kushika. Vigae vingevunjika, na mfinyanzi alikuwa ametumia zaidi ya mwezi kuvichoma.

"Haiwezekani," alisema Fundi kutoka chini.

"Haiwezekani," alikubali Mhadhiri, na kukubaliana naye kukamchoma.

"Basi toa ile tatu ya mwisho, weka saba," alisema Injinia. "Kimoja tu. Iishie na saba kama unavyotaka."

"Itaishia na tisa, moja, saba. Mia tisa kumi na saba ni saba mara mia moja thelathini na moja."

Injinia alimtazama Fundi. Fundi aliinua mabega.

"Na kona?" aliuliza Mhadhiri. "Saba ikikunja kona, ikakaa kwenye ukuta wa pili?"

"Ukuta wa pili ni wa Uhasibu. Wanaweka ubao wa matangazo. Kuna barua." Injinia alifungua kalamu. "Daktari, tusikwame hapa. Kama umeridhika, tia saini. Kama hukuridhika, andika kasoro. Ila nikueleze mapema: fundi mwenye kasoro kwenye fomu hapewi kazi ya hosteli mpya. Na hosteli ina mabafu mengi kuliko unavyoweza kuhesabu."

Sponji ilinyamaza. Mhadhiri hakugeuka, lakini alijua shemeji yake anamtazama mgongoni. Hosteli ndiyo aliyokuwa akiisubiri tangu mwaka jana. Kwa sababu yake alikataa vibarua viwili.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

Jioni mume wake alikuwa jikoni. Alikuwa muuguzi, na siku ambazo zamu yake iliisha mapema yeye ndiye aliyepika. Mhadhiri aliweka kigae cha saba mezani, akakaa mbele yake, akakikodolea macho.

"Mdogo wangu kanipigia," alisema mume. "Anasema umemwandikia hesabu sakafuni mbele ya watu kama mwanafunzi aliyefeli."

"Alikuwa peke yake."

"Anasema Injinia alizikuta."

"Hakuzifuta. Kosa langu hilo?"

"Mimi sisemi kosa la nani. Huku mke, huku ndugu wa tumbo moja. Nikisogea kulia nakanyagwa, nikisogea kushoto nakanyagwa."

"Sogea kushoto," alisema. "Kushoto kunakatika bila madhara."

Mume hakuelewa, naye hakumfafanulia. Siku nzima alikuwa amefafanua. Alimfafanulia Injinia, alimfafanulia karani wa Mkuu wa Chuo, ambaye alipendekeza wachapishe ile saba kwenye karatasi na kuibandika kwa gundi ya ofisini. Alimfafanulia mwenzake wa idara ya Historia, ambaye alisema hata makaburini tarehe hukosewa na wafu hawalalamiki. Kila mmoja alimsikiliza kwa upole. Upole wao ulimchosha kuliko ambavyo ubishi ungemchosha. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na kinu chenyewe kinatabasamu.

Mume alitoa sufuria ndogo ya maziwa motoni, akatafuta mahali, akaitua juu ya kigae.

"Ondoa hiyo."

"Si ndiyo kazi yake? Mdogo wangu kasema..."

"Ondoa."

Aliiondoa. Sufuria ilikuwa imeacha duara la mvuke katikati ya kigae. Duara liliizunguka saba yote, juu hadi chini, na bado kushoto na kulia palibaki weupe mkavu, mpana na usio na kazi. Mhadhiri aliliangalia duara likikauka. Kisha akainuka akatafuta rula.

Tarakimu yenyewe ilichukua chini ya nusu ya upana wa kigae. Pembezoni palikuwa patupu. Ukikata ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia, saba nzima ingeingia kwenye ule ukanda wa konani, na nafasi ya gundi ingebaki.

"Maziwa yanapoa," alisema mume.

"Yaache yapoe."

Asubuhi alimkuta Fundi akifungasha vifaa. Alimweleza kwa maneno machache, akamwonyesha alama alizochora kwa penseli pande zote mbili. Alitarajia apigwe pambaja. Fundi alikitazama kigae kwa muda, akamrudishia.

"Sikati."

"Kwa nini? Inaenea. Pima."

"Sina haja ya kupima. Nilijua jana kwamba inaenea."

"Ulijua?"

"Shemeji, mimi si mjinga. Nilijua, na nikaamua hapana. Kigae kilichokatwa pande mbili ni kiraka. Vigae ishirini na vitatu vya upana mmoja, halafu cha mwisho kimebanwa kama abiria wa nyongeza. Ule ukanda mtupu hakuna atakayeuona. Kiraka kila mtu atakiona."

"Lakini namba ni ya uongo."

"Uongo ambao hauonekani. Wewe unataka namba sahihi na ukuta wenye kasoro. Mimi nataka ukuta sahihi na namba yenye kasoro. Tofauti yetu ni kwamba kasoro yangu haimdhuru mtu macho."

"Kasoro isiyoonekana ndiyo mbaya kuliko zote. Nimesomesha hivyo miaka yote."

"Wewe ukikosea ubaoni unafuta, unaendelea. Mimi kosa langu linakaa ukutani miaka thelathini, na watoto wangu wanalipita." Alifunga zipu ya mfuko. "Ukuta huu una jina langu."

"Na namba ina jina langu."

Walisimama hivyo, kila mmoja na haki yake mkononi. Mhadhiri alitafuta hoja nyingine, akagundua kwamba hana. Alikuwa na uthibitisho kamili na haukufungua hata mlango mmoja. Hapo alifanya jambo ambalo hakulizoea. Aliacha kuthibitisha.

"Nakuomba," alisema.

Fundi alikuna shingo. Ilikuwa wazi kwamba angependa zaidi kugombezwa.

"Nitakata kwa masharti. Moja, Injinia aje hapa, useme mbele yake kwamba fundi alikataa na wewe ukamlazimisha. Pili, utie saini kwanza, kabla sijagusa mashine. Saba ni hii moja. Ikipasuka usije ukanigeuka."

Hilo la pili lilikuwa zito. Akitia saini na kigae kikapasuka, ukuta ungekuwa umekubaliwa kama ulivyo, ukigawanyika kwa tatu, kwa mkono wake mwenyewe. Lakini mwenye kuomba hachagui. Injinia aliitwa. Mhadhiri alitamka maneno aliyotakiwa kuyatamka, neno kwa neno, kama mwanafunzi anayesoma adhabu yake. Injinia aliyapokea kwa uso wa mtu anayeshuhudia ugomvi wa nyumba nyingine. Mhadhiri alitia saini.

Fundi alivaa miwani, akakilaza kigae kwenye mashine ya kukatia, akakimwagia maji. Ukingo wa kushoto ulitoka ukiwa umenyooka. Kwenye ukingo wa kulia mashine ilibadilisha sauti. Ufa mwembamba kama unywele ulianza pembeni, ukatambaa kuelekea kwenye buluu. Fundi aliinua mkono. Ufa ulisimama karibu kabisa na mguu wa saba.

Fundi alizima mashine. Alikipaka gundi, akakisukuma kwenye kona kwa vidole viwili, akakipimia pima maji, akafuta mianya. Kigae kilikaa. Kilikuwa chembamba, kimebanwa, na ufa wake ulionekana ukisimama upande wa dirisha. Kilikuwa kibaya vilevile kama alivyosema kitakuwa.

"Asante, shemeji," alisema Mhadhiri.

"Karibu, Daktari," alisema Fundi, akabeba mfuko wake.

Tangu alipoolewa hakuwahi kumwita hivyo. Lilikuwa neno la heshima, na lilimwingia kama mwiba.

Siku ya ufunguzi Bwana Baki alifika kabla ya wenyeji wake. Alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa ileile, ya mtu aliyezoea kusikika safu ya nyuma bila kipaza sauti. Mkuu wa Chuo alisoma hotuba ambamo namba iliitwa "takwimu ndefu yenye historia." Pazia lilivutwa, watu wakapiga makofi. Mzee hakupiga. Aliusogelea ukuta, akalishika pazia lilelile, akaanza kulirudisha polepole kutoka kushoto, akiifunika tatu ya kwanza.

"Baki?" aliuliza.

"Tasa," walijibu wanafunzi wa Hisabati waliokuwa nyuma.

Alifunika tano. "Baki?"

"Tasa."

Mkuu wa Chuo alitazama saa kwa siri. Kufikia katikati ya ukuta wageni wa heshima walikuwa wamekwisha kubadilisha mguu wa kusimamia, lakini wanafunzi walizidi kupaza sauti, na Mhadhiri alijikuta anajibu pamoja nao kama zamani. Ishirini na tisa elfu, mia moja thelathini na saba. Tasa. Tisa elfu, mia moja thelathini na saba. Tasa. Mia moja thelathini na saba. Thelathini na saba. Saba.

Kwa muda mfupi sana Mhadhiri alifurahi kabisa.

Kisha Bwana Baki aliinama, akaisogelea ile saba, akapitisha kidole kwenye ufa.

"Hii imebanwa," alisema kwa sauti yake ya ukumbini. "Hawakupima."

Watu walicheka kidogo, cheko la adabu. Mhadhiri aligeuka haraka. Fundi alikuwa amesimama karibu na ngazi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkewe kando yake. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Walipima, Mwalimu," alisema Mhadhiri. "Fremu ya mlango ilizidi. Fundi hakutaka kukikata kigae. Nilimlazimisha mimi."

"Ndiyo, ndiyo," alisema mzee, akiwa amekwisha kugeukia mpiga picha. "Ila walipaswa kupima."

Aliporudia maelezo yake kwa sauti zaidi, watu walikuwa wanaelekea kwenye vinywaji. Pale kwenye ngazi hapakuwa na mtu.

Wiki zilipita. Fundi alipewa hosteli na akawa na kazi nyingi, au alisema hivyo kila alipoalikwa. Salamu zake zilipita kwa mume. Mhadhiri aliingia chuoni kila asubuhi kwa mlango mkubwa, na kila asubuhi macho yalimkimbilia konani. Namba ilikuwa sahihi. Aliisoma yote, akaikuta sahihi, akapanda ngazi akiwa amekasirika, bila kujua amkasirikie nani. Seremala hakujulikana hata alikotoka.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mama mkwe alipata homa ya mafua, wakaenda kumwona. Sebule yake ilikuwa ndogo, viti vimesukumana, na ukutani juu ya redio palikuwa na kalenda mpya ya chuo. Picha ya mwaka mzima ilikuwa moja tu: ukuta wa vigae, mrefu, unang'aa, umepigwa kwa ustadi na mwanga mzuri wa asubuhi.

"Umeona kazi ya mwanangu?" alisema mama mkwe kutoka kwenye blanketi lake. "Wageni wote nawaonyesha. Nawaambia, na mkwe wangu ndiye aliyezichagua hizo namba. Mmoja kichwa, mmoja mikono."

"Nimeona, mama. Imependeza."

Fundi alikuwa kwenye kiti cha dirishani. Aliinuka, akampisha. "Kaa hapa, shemeji," alisema. "Hicho kingine kina msumari."

Alilisikia lile "shemeji", akataka kukaa nalo kimya kidogo. Lakini macho hayana adabu. Yalikuwa yamekwisha kwenda kwenye kona ya kulia ya picha. Ukingo wa kalenda ulipita baada ya tatu. Alihesabu kwa macho, haraka, kisha taratibu. Vigae ishirini na vitatu vya upana mmoja, vimenyooka kama uzi. Kalenda hiyo ndiyo kwanza ilikuwa inasambazwa kwenye kila ofisi ya chuo, kwenye kila shule iliyoleta wanafunzi, na Bwana Baki bila shaka alikuwa ametumiwa yake huko kwa binti yake.

"Mpiga picha gani huyu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Amekata."

"Hajakosea," alisema Fundi. "Nilimwomba mimi."

Mume alikohoa na kuikumbuka dawa ya mama yake iliyokuwa chumbani.

"Ulimwomba akate?"

"Nilimwambia, kaka, mwisho pale pana kiraka, ukikiacha kitaharibu picha. Akaangalia, akasema kweli." Alimimina chai kikombe kimoja, akamsogezea, mpini ukiwa upande wake. "Ukutani ulinishinda, shemeji. Pale ni pako, na kiraka nimekiweka, na watu wamenicheka. Sikusema kitu. Kwenye kalenda niachie."

Mia moja na tano, aliwaza Mhadhiri. Inagawanyika kwa tatu. Alikuwa na maneno yote tayari: namba haina ukuta wake na kalenda yake, haigawanywi kati ya ndugu, haina upande wa huyu na upande wa yule. Yalikuwa maneno ya kweli, na alijua sauti atakayoyatamka nayo, na jina atakaloitwa baadaye.

"Mbona hunywi, mwanangu?" aliuliza mama mkwe. "Sukari haitoshi?"

"Inatosha, mama."

Alikihamisha kiti, akakigeuza kidogo hadi kalenda ikawa nyuma yake, akaanza kunywa. Chai ilikuwa ya moto sana. Aliinywa hivyohivyo.